Simu Ilimwambia "Picha"

Mjomba Tihomir aliwajua watu wa mji wetu kwa sauti, na kwa miaka thelathini na minne sikusikia mtu aliyefaulu kumdanganya. Alikuwa opereta wa swichibodi ya halmashauri. Ukipiga simu pale kwa jambo lolote, la ng'ombe aliyepotea au la cheti cha kuzaliwa, ni yeye uliyempata kwanza. Surua ilimpofusha akiwa na miaka minne. Lakini alijua nani ana mafua, nani amenuna, na nani anapiga kutoka baa huku akijidai yuko kitandani.

"Unaumwa nini leo, Blagoje?" nilimsikia akimwuliza karani mmoja.

"Mgongo, Mjomba. Hata kugeuka siwezi."

"Pole sana. Mwambie huyo mwenye kodiani apunguze kidogo, nikuunganishe na mkuu wako."

Mimi ni Radmila, Rada kwa wote wanaonijua. Niliingia halmashauri nikiwa na miaka kumi na tisa, msichana wa masjala, na kwa kuwa vyumba vilikuwa haba, meza yangu iliwekwa chumba cha swichibodi. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, si wakubwa. Alinifundisha kwamba mtu akipiga huku anafoka, mwache amalize pumzi ndipo umwulize jina. Alinifundisha pia kunywa kahawa chungu, maana sukari ya ofisi ililetwa mwanzo wa mwezi na kuisha kabla ya Ijumaa. Nilikuwa na ulimi mkali tangu utoto, na hilo alilipenda. "Wewe binti hujui kunong'ona," aliniambia. "Wenzako wakiniona wanashusha sauti utadhani wamekuja matangani."

Mkewe, Persida, alikuwa kipofu naye. Walikutana shule ya wasioona kule Belgrade, Tihomir akisomea kazi ya simu na Persida akijifunza kutengeneza brashi. Walipooana wakahamia Mtaa wa Chini, kando ya mto Mutnica, na majirani wakasikitika bila hata kuficha: vipofu wawili, nani ataona maziwa yakichemka? Persida akawajibu kutoka dirishani, "Maziwa yanachemka kwa kelele. Nyie wenye macho ndio mnaoyaacha yamwagike." Na kweli, katika Serbia yote sijala pilipili hoho za kuoka zilizofikia zake. Alijua kwa pua dakika ambayo ganda limeungua na nyama haijaguswa. Walimlea binti mmoja, Olivera, mwenye macho mazima kabisa, ambaye alikwenda Vienna kuwa nesi, kama nusu ya vijana wetu.

Kisha zikaja kompyuta. Swichibodi iling'olewa ukutani, na mahali pake ikawekwa sauti ya mwanamke wa kurekodiwa anayekwambia ubonyeze moja, ubonyeze mbili, mpaka ukate tamaa. Mjomba Tihomir alistaafishwa. Halmashauri ilimuaga kwa hotuba na zawadi ya saa ya ukutani, ya kioo, isiyotoa hata mlio. Naapa siongezi chumvi. Aliipapasa, akashukuru vizuri, na nilipomsindikiza nyumbani akampa Persida. "Wametupa nini?" Persida akauliza. "Saa ya kutazama." Walicheka hadi Persida akalazimika kukaa chini. Waliitundika sebuleni, na wageni wote waliulizwa kama inakwenda sawa.

Miaka ikapita. Kisukari kikamharibu Persida miguu, akawa anatembea jikoni kwa kushika meza na ukuta. Redio ya mji ikafungwa. Gazeti la wilaya nalo likafa. Halmashauri ikafungua ukurasa mtandaoni, na kwa kuwa wakati huo nilikuwa nimehamishiwa matangazo, ukurasa ukawa wangu. Kila jambo la mji lilipita pale: maji yatakatwa lini, daktari wa meno anakuja lini, barabara gani imefungwa. Olivera akawatumia wazazi wake simu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa. Mzee wa watu alijifunza kuitumia kwa wiki mbili. Opereta ni opereta.

Siku moja akaja ofisini na fimbo yake, akakaa kwenye kiti changu cha wageni bila kuelekezwa.

"Rada, mwanangu, leo mmetuwekea nini?"

"Chanjo ya mbwa, Mjomba. Jumanne, uwanja wa soko."

"Sawa. Maana simu yangu imeniambia 'picha'. Jana 'picha'. Juzi 'picha', halafu ikaniambia watu kumi na wanne wameipenda. Nimemwambia Persida halmashauri siku hizi wamekuwa wachoraji."

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Ilikuwa hivi. Utaratibu wetu ulitaka tangazo lichapwe kwenye karatasi yenye nembo, meya atie sahihi, muhuri wa mviringo wa buluu upigwe chini, ndipo mimi niipige picha karatasi ile na kuiweka mtandaoni. Simu yake ilijua kusoma maandishi. Picha ya maandishi haikuijua. Kwake yeye, mwaka mzima wa kazi yangu ulikuwa neno moja.

Nikaenda kwa katibu wa halmashauri, Bwana Obrad, mtu mnene mwenye moyo mzuri na woga mwingi.

"Bwana Obrad, tuandike na maneno chini ya picha. Dakika mbili tu, naandika mwenyewe."

"Maneno hata mlevi anaandika, Rada. Umesahau kuni?"

Nani angesahau kuni? Januari moja mhuni fulani alifungua ukurasa wa uongo wenye nembo yetu, akaandika kwamba wastaafu wanagawiwa kuni bure. Asubuhi, kwenye theluji, tulikuta wazee themanini na matoroli yao mlangoni, na bibi mmoja akampiga Obrad kwa mwavuli. Tangu hapo ikaamuliwa: tangazo lisiloonyesha muhuri si tangazo. Watu wenyewe walizoea hivyo. Hapa kwetu mtu haamini hata kwamba amezaliwa mpaka auone ule mviringo wa buluu.

"Sijasahau," nikamwambia. "Lakini Mjomba Tihomir haoni muhuri."

"Wako wangapi kama yeye?"

"Wawili. Yeye na mkewe."

"Sasa kwa watu wawili nivunje utaratibu? Akija mkaguzi nimwambie nini?" Kisha akalegea, maana naye Tihomir alimwunganishia simu miaka na miaka. "We mpigie umsomee. Si mnaelewana nyie wawili?"

Ikawa hivyo. Kila nilipoweka tangazo, nilichukua simu nikamsomea Mjomba Tihomir, na Persida akisikiliza pembeni na kutia maneno yake. Walinilipa kwa mitungi ya pilipili. Baada ya muda aliacha kumwomba Ratko, jirani yake mwenye ng'ombe, amsomee chochote. Akaacha kumwuliza na mwuza mikate. "Nina opereta wangu mimi," aliwaambia. Niliposikia hilo nilivimba kichwa. Kwa miaka miwili nilijiona mtu mwema kwa gharama ya dakika tatu kwa siku, na suala la kuandika maneno chini ya picha sikulirudia tena kwa Obrad. Kulikuwa na haja gani? Shida ya Tihomir nilikuwa nimeimaliza.

Mvua ya Mei ile ilianza Jumatatu. Hadi Jumatano mabonde yalikuwa yamejaa, na Alhamisi asubuhi umeme ukakatika. Halmashauri ilikuwa na jenereta. Korido ilijaa watu wenye matope hadi magotini, kila mmoja akitaka mifuko ya mchanga, na mfanyakazi wa zimamoto akatuambia king'ora cha mji hakilii bila umeme. Obrad alitembea na muhuri mfukoni. Karatasi zililowa, wino ukasambaa, naye akawa anapiga muhuri mara ya pili na ya tatu ili mviringo uonekane vizuri kwenye picha. Nilikuwa nasimama kando yake namsubiri aupulizie wino ukauke. Siku hiyo tuliweka matangazo kumi na tisa.

Kwa matatu ya kwanza nilimpigia Mjomba Tihomir. Shule zimefungwa. Maji ya bomba yachemshwe. Njia ya juu haipitiki. Mara ya tatu akanikatiza.

"Rada, mwanangu, hapo una watu wangapi mbele yako?"

"Usiulize."

"Basi haya madogo madogo usinipigie. Utachanganyikiwa. Ukiona kubwa, hilo ndilo unipigie."

"Na Shangazi Persida anaendeleaje?"

"Anatengeneza supu kwenye jiko la kuni na kumtukana Mungu kwa adabu. Fanya kazi, binti."

Nikasema sawa. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu ya siku hiyo, na yalikuwa ya busara kabisa. Likiwepo kubwa, Rada atapiga. Rada asipopiga, hakuna kubwa.

Saa nane na dakika kumi mchana Obrad aliniletea karatasi ya kuhamisha Mtaa wa Chini wote. Wakazi waende ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari kabla ya saa kumi na moja. Wasioweza kutembea wapige namba iliyo hapo chini, trekta itawafuata. Nilipiga picha. Nikaweka. Nikashika simu, na nakumbuka kidole changu juu ya jina lake. Ndipo dereva wa meya akaingia akipiga kelele kwamba daraja la miguu limekwenda na kuna watu ng'ambo, na Obrad akanisukuma kwenye gari niende shuleni nikaandikishe wanaofika. Garini nilikuwa na hakika kabisa nimempigia. Ningeweza kula kiapo.

Kule ukumbini niliandika majina hadi mkono ukafa ganzi. Watu wa Mtaa wa Chini walifika wachache wachache, na mabegi, na kuku, na bibi mmoja na televisheni. Nyumba nyingi za mtaa ule zimefungwa mwaka mzima, wenyewe wako Austria na Ujerumani, kwa hiyo uchache wao haukunishtua. Ratko alikuwa amekwishapandisha ng'ombe wake mlimani tangu asubuhi. Jina la Tihomir na la Persida sikuyaona kwenye karatasi yangu. Niliona kwamba sikuyaona, nasema ukweli. Nikajiambia watakuwa wamekwenda kwa binamu yake Persida, kule juu kwenye kanisa. Mtu akichoka hujiambia lolote linalomruhusu aendelee kukaa.

Mutnica ilivunja tuta saa kumi na mbili kasoro robo, bado mchana kweupe.

Yaliyotokea ndani ya nyumba ile yalijulikana baadaye, kwa mdomo wa Tihomir mwenyewe, naye alimweleza kijana wa zimamoto kwa maneno machache. Maji yaliingia kwa mlango wa nyuma. Alimpandisha Persida juu ya meza ya jikoni, kisha naye akapanda. Ngazi ya dari ilikuwepo, lakini kwa miguu ile Persida hakuweza kuipanda, na Tihomir alijaribu kumbeba akashindwa; alikuwa na miaka sabini na sita. Maji yalipofika kifuani alimwinua kwa mikono miwili. Persida alilalamika baridi, halafu akawa anasali, halafu akanyamaza. Daktari alisema moyo ndio uliosimama. Boti iliwafikia asubuhi. Alikuwa bado amesimama juu ya meza, bado amemshika, na hakukubali kumwachia mpaka mmoja wa vijana wa boti alipomwambia jina lake na la baba yake, akamtambua.

Habari nilizipata nikigawa chai ukumbini. Sikuanguka wala sikulia. Nilitoa simu mfukoni nikaangalia namba nilizopiga jana, mara moja, mara mbili, mara kumi. Ya kwake ya mwisho ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

Kwa nini hakunipigia yeye? Watu waliniuliza hilo kwa nia nzuri, wakidhani wananipunguzia mzigo. Mimi najua kwa nini. Kwenye mafuriko ya ujana wake alikaa swichibodi siku mbili bila kulala, na mpaka anastaafu alikuwa bado anawalaani watu waliopiga kuuliza kama mechi ya Jumapili itachezwa, huku mama fulani akisubiri laini aseme mtoto wake yuko juu ya mti. Mtu kama huyo hapigi simu halmashauri siku ya maji. Anawaachia laini wenye shida.

Alichofanya ni kuandika. Nilikigundua wiki moja baadaye, nilipopata nguvu ya kufungua ule ukurasa. Chini ya picha ya karatasi ya kuhamisha mtaa kulikuwa na maoni mia mbili na zaidi, watu wakigombana kuhusu nani alikula fedha za tuta. Katikati yake, saa nane na dakika ishirini na sita, aliandika: "Samahani, kwenye picha imeandikwa nini? Tihomir, Mtaa wa Chini." Kijana mmoja anayeishi mbali na hapa, ambaye naamini hakujua anasema na nani, akamjibu: "Vaa miwani babu, herufi kubwa hivyo." Watu tisa walicheka. Polisi nao walikuwa wamefika na kipaza sauti hadi kona ya mtaa, mbele pakawa na maji, wakageuza. Bila shaka Tihomir alisikia sauti akashindwa kukamata maneno kwa mvua, kwa sababu saa tisa kasoro dakika chache aliandika tena: "Naomba mwenye nafasi aniandikie kwa maneno. Mimi na mke wangu hatuoni." Hakuna aliyejibu. Ugomvi wa tuta uliendelea juu yake na chini yake. Saa kumi kasoro dakika tano aliandika mara ya mwisho: "Haya, asanteni. Sitaki kusumbua."

Nilisoma hapo nikaenda chooni nikajifungia, nikalia kwa sauti, ofisi nzima ikisikia.

Tulimzika Persida kwenye makaburi ya kilimani, maana ya chini yalikuwa bado na matope. Olivera alikuja kutoka Vienna, mweupe kama chokaa, akamshika baba yake mkono mmoja na mimi nikamshika mwingine. Padri alisema maneno yake. Kila mtu alinisifu kwa jinsi nilivyosimama na mzee. Nikapokea zile sifa! Nilisema asante, asante sana, ni wajibu. Siku ya arobaini niliwapikia kwa mikono yangu ngano tamu inayoliwa kumkumbuka marehemu, nikaipeleka, nikala nao meza moja, na bado sikufungua mdomo. Mimi, nisiyejua kunong'ona.

Mzee alikaa miezi minne kwenye chumba cha nyumba ya wazee wakati Olivera akihangaikia karatasi za kumchukua. Nilikwenda kila Jumapili. Tuliongea habari za mji, za bei ya plamu, za Blagoje ambaye sasa mgongo ulikuwa unamuuma kweli. Kuhusu siku ile hakuuliza, na kila Jumapili nilitoka pale nikiwa nimepona na nimeoza zaidi.

Vuli likaja agizo kutoka makao makuu: kuanzia sasa, kila tangazo la hatari liandikwe pia kwa maneno ya kawaida, lisomwe na simu za wasioona, na kila halmashauri iwe na mtu wa kujibu wanaouliza. Jambo jema. Agizo lenyewe lilitufikia kama picha ya karatasi yenye muhuri. Nilimwonyesha Obrad. Aliitazama, akaelewa, akaketi. Mtu yule alikuwa amekonda tangu Mei na sikuwa na moyo wa kumsimanga. Tangu siku hiyo naandika maneno chini ya kila picha, hata ya chanjo ya mbwa, neno kwa neno, na Mtaa wa Chini hakuna tena wa kuyasikiliza.

Asubuhi ya kuondoka kwao Vienna, Olivera aliegesha gari mbele ya halmashauri, na Mjomba Tihomir akaingia peke yake. Alikuwa na koti jipya ambalo mabega yake yalikuwa makubwa mno. Akakaa kiti kilekile.

"Rada, mwanangu, nina ombi. Ile karatasi ya siku ile. Unayo?"

"Ipi, Mjomba?"

"Unajua ipi."

Nilikuwa nayo kwenye jalada, mihuri mitatu ya buluu imevujiana. Nikaitoa.

"Nisomee. Yote, usiruke kitu."

Nikasoma. Nilisoma nembo, nikasoma namba ya kumbukumbu, nikasoma tarehe. Nikasoma kwamba wakazi wote wa Mtaa wa Chini watoke kabla ya saa kumi na moja. Nilipofika kwenye trekta nilirudia sentensi ile tangu mwanzo: wasioweza kutembea wapige namba ifuatayo, watafuatwa. Alinyoosha mkono kidogo, kunizuia.

"Namba ilikuwepo humo humo?"

"Ilikuwepo."

"Mliiweka saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi."

Alikuwa akihesabu, nikamwona midomo yake ikitembea. Nje Olivera alizima injini.

"Saa tisa Persida alinivuta mkono," akasema. "Alisema mto unaguna, hajawahi kuusikia hivyo. Akataka twende, popote, hata kwa kutambaa. Alikuwa amekwishavaa koti. Nikamwambia vua koti, mke wangu, kaa unywe supu. Ingekuwa kubwa, Rada angepiga."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema taratibu, kama mtu anayeeleza njia. Nilitaka kuinama nimshike miguu, nikabaki nimekaa na ile karatasi, na kitu pekee kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa kweli yenyewe.

"Mjomba, nilisahau."

Aligeuza uso wake mahali ambapo sauti yangu ilitoka.

"Nilidhani ulipiga, laini ikakataa," akasema. "Ndivyo nilivyomwambia Olivera miezi yote hii. Alitaka kuja kukuuliza, nikamkataza. Nikamwambia, Rada alipiga."

Akasimama, akavuta koti lake mabegani, akautafuta mlango kwa fimbo.